Kabla Hujaivaa Kiunoni

Mjukuu wangu, juzi barazani uliniuliza bastola gani ndogo inamfaa mtu anayenunua dhahabu Kang'ata na kurudi Handeni mjini kwa bodaboda jioni. Sikukujibu, maana palikuwa na watu. Ukiulizia silaha mbele za watu, umeshatangaza kuwa una kitu cha kulinda.

Bastola ya silinda, ile ya risasi tano, ina sifa yake. Unafungua silinda, unaziona risasi kwa macho yako, unajua imejaa au tupu. Haikwami ovyo. Lakini mtutu wake mfupi unataka mkono uliozoea. Asiye na mazoezi, hata kwa hatua kumi humkosa mtu mzima akampata mpita njia.

Mimi nimelinda mahindi kwa gobore miaka mingi. Unamimina baruti, unashindilia kwa fimbo, unatia gololi, mwisho unapachika fataki. Usiku mmoja mabua yalitikisika, nikajua ni nguruwe. Kidole kimeshagusa chuma, nikasikia kikohozi. Alikuwa jirani yangu, amekatiza shambani akitoka msibani. Hadi leo nikikutana naye njiani namsalimia mara mbili, naye hajui kwa nini. Nilikuwa nimetulia, nimekaa, sina hofu na mtu, na bado nilikaribia kuua. Wewe utakuwa juu ya pikipiki, gizani, moyo unakwenda mbio.

Ukiona lazima ubebe, basi ubebe kihalali. Maombi yanaanzia hapa hapa kijijini, yanapanda kata, yanafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya na polisi. Watu wanaokujua ndio wanaoulizwa tabia yako, kwa hiyo pombe za machimboni ziache kabla ya kushika fomu. Leseni ni ya mtu mmoja: humwazimi kaka wala rafiki. Na leseni haikuruhusu kumpiga risasi mwizi anayekimbia na mfuko wako. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, ila nguvu utakayotumia lazima ilingane na hatari iliyokukabili.

Mimi ningeanza kwingine. Tangu 2019, Geita ilipotangulia, nchi ina masoko ya madini. Uza huko, fedha ipite benki. Badili saa na njia. Usirudi peke yako.

Nimesikia pia kuna mtu machimboni anakupa mguu wa kuku kwa bei ya kutupa, bila karatasi. Septemba na Oktoba 2023 serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, na muda huo umekwisha. Ukikamatwa nayo, ni kesi ya uhujumu uchumi, na mama yako ndiye atakayeuza mbuzi kutafuta wakili. Mkatalie leo hii, kisha uje uniambie.