Imani Isiyotafuta Mshindi

Mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kuelezwa mhadhara wa dini ni nini. Jioni, kwenye uwanja wa wazi au pembeni ya soko, panawekwa meza, vipaza sauti na lundo la vitabu. Mzungumzaji anataja sura na aya kwa kichwa, msomaji wake anazifungua na kuzisoma kwa sauti, umati unaitikia. Waislamu wana mabingwa wao wanaoijua Biblia kuliko Wakristo wengi, na wahubiri wa Kikristo nao wamejifunza Kurani ili wasiachwe nyuma. Kanda za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilipita mkono kwa mkono katika nchi zetu, zikawafundisha wengi namna ya kumbana mtu kwa maandiko yake mwenyewe. Watu wakirudi nyumbani hubishana nani kashinda, kama wanavyobishana baada ya Simba na Yanga.

Nimesikiliza mihadhara mingi, na kila mara jambo moja hunishangaza: upande ulioshindwa hauhami. Mkristo ambaye mhubiri wake alikwama mbele ya swali la Utatu, kesho yake anakwenda mazoezi ya kwaya. Muislamu ambaye bingwa wake alizidiwa anaamka alfajiri kuswali. Kama imani zao zingekuwa zimejengwa juu ya hoja za jana jioni, zingeporomoka usiku uleule. Kumbe zimeegemea mahali pengine. Kwa Mkristo mahali hapo ni wapi? Jibu ambalo Paulo alilitoa katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho linajulikana: imani isimame juu ya nguvu za Mungu, isisimame juu ya hekima ya wanadamu. Linanukuliwa kila Jumapili. Naona pia kwamba ni moja ya majibu yanayotumiwa vibaya kuliko yote.

Ili kulielewa inafaa tujue lilisemwa wapi. Korintho ulikuwa mji wa watu waliotoka kwingine. Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, na Julius Caesar akaagiza uanzishwe upya mwaka 44 KK. Wakazi wake wapya wengi walikuwa watumwa walioachwa huru na watu wa biashara. Ulikuwa na bandari mbili, Lekaio upande mmoja wa shingo ya nchi na Kenkrea upande wa pili, kwa hiyo fedha ilipita humo usiku na mchana. Katika mji ambao wachache tu wangeweza kujivunia ukoo wa zamani, ufasaha ulikuwa ngazi ya kupandia. Walimu wa ufasaha walikuwa na wanafunzi waliogombana kuhusu mwalimu wa nani ni bora. Paulo aliingia humo yapata mwaka 50 BK. Tunaweza kukadiria hivyo kwa sababu maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delfi yanamtaja Galio, liwali ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake. Alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, akala jasho lake. Baada yake akaja Apolo wa Aleksandria, mtu mwenye ulimi mzuri. Muda si mrefu kanisa likagawanyika: hawa wa Paulo, wale wa Apolo, wengine wa Kefa.

Maneno kuhusu nguvu na hekima yamo katikati ya ugomvi huo. Paulo hakuwa akishindana na shule au vitabu. Tatizo lake lilikuwa watu waliomfanya mhubiri kuwa mali yao na wao kuwa mali yake. Anawakumbusha kwamba alipofika kwao alikuwa dhaifu na mwenye kutetemeka, hakujipamba kwa maneno, ili wasije wakaiegemeza imani yao kwake. Kwa hiyo swali analotuachia ni la umiliki. Imani yako inakufanya kuwa wa nani?

Nianze na wale wanaoiegemeza kwenye hoja, kwa sababu nawafahamu kwa karibu. Ninasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na nina rafiki aliyekuja chuoni akiwa amejizatiti. Alikuwa na hoja tano za Thomas wa Akwino kwenye ncha za vidole, na alipenda kuwaita wasioamini mezani kwake wakati wa chakula cha mchana. Kisha tukamsoma Kant. Mwaka 1781 Kant alizichambua njia tatu ambazo akili hutumia kuthibitisha kwamba Mungu yupo, akasema hakuna hata moja inayofika. Rafiki yangu alitafuta jibu miezi mingi, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyoacha kusali. Aliniambia hawezi kuzungumza na mtu ambaye hajamthibitisha. Sikumcheka. Alikuwa mkweli kuliko wengi wetu. Lakini niliona alichokuwa amekijenga: imani ambayo mwenye funguo zake alikuwa mjadili atakayefuata. Leo ni Akwino, kesho ni Kant, keshokutwa ni yeyote mwenye kauli kali zaidi. Mtu wa namna hiyo ni wa Apolo, hata kama Apolo wake ni kitabu.

Hapo ndipo mahubiri mengi ya siku hizi hudakia: unaona, achana na hekima, tafuta nguvu. Na nguvu inaonyeshwa. Kuna mafuta, kuna maji, kuna vitambaa, kuna ushuhuda mbele ya kamera. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Watu 20 wakafa kwa kukanyagana. Siwalaumu waliokimbia. Mtu hakimbii hivyo bila kuwa na mgonjwa nyumbani, au deni, au tumbo lisiloshika mimba. Lakini nguvu iliyomwagwa chini iwahiwe na wenye mbio, ilimfaa nini yule aliyeanguka?

Upande wa pili wa mpaka, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kundi lililofunga kula ili kumwona Yesu. Katika habari zilizotoka huko yalitajwa mafundisho yaliyoiita shule na hospitali mambo ya dunia. Nilipozisoma nilitambua lugha hiyo. Ndiyo lugha ya Korintho iliyogeuzwa: hekima ya wanadamu ni upuuzi, basi usifikiri, usisome, usiende kwa daktari, nisikilize mimi. Neno lililotolewa ili watu wasiwe mali ya mhubiri limekuwa kamba ya kuwafungia kwake.

Haya hayako mbali na nyumbani kwetu. Mama mdogo alikuwa na presha kwa miaka mingi. Alianza kuhudhuria ibada za uponyaji, na huko akaambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukiri kuwa hajapona. Akaviacha. Akasimamishwa mbele, akashuhudia, watu wakapiga makofi. Baada ya majuma kadhaa alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Waliompigia makofi walikuja mara moja. Walimwombea kwa sauti kubwa, kisha mmoja wao akamuuliza mama yangu, kwa upole kabisa, kama hakuna dhambi iliyofichwa. Hawakurudi. Mgonjwa asiyepona ni tangazo baya.

Waliorudi walikuwa wanawake wa jumuiya ya mtaa wetu, wale ambao mama mdogo alikuwa amewaita baridi. Walikuja na uji kwenye chupa ya chai. Walipeana zamu ya kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, walimfulia mashuka, walimkumbusha saa ya dawa. Mmoja wao, mama muuza vitumbua asiyejua kusoma, alikuwa akija saa tisa alasiri akiwa amemaliza biashara, anamnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoonyeshwa na mtaalamu wa viungo hospitalini. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo kwa mtu aliyekuwa akimdharau. Akanitazama kama niliyeuliza swali la mtoto. "Mwanangu," akasema, "na mimi nilibebwa." Hakuongeza kitu. Baadaye nilifahamu kwamba anamaanisha Kristo, ila alikuwa amelisema jambo lenyewe bila kulitaja jina.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiusoma ule waraka kwa macho mengine. Paulo anapotaja nguvu za Mungu hazungumzii ishara za kuwashangaza watu. Anasema waziwazi kwamba wapo wanaotaka ishara na wapo wanaotaka hekima, na kwamba yeye hana cha kuwapa wote wawili isipokuwa mtu aliyesulubiwa. Sisi tumeuzoea msalaba, tunauvaa shingoni kwa dhahabu. Kwa Warumi ulikuwa kifo cha watumwa na waasi, jambo lisilotajwa mezani. Kwenye kilima cha Palatino mjini Roma, mwaka 1857, ulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani, ambao wataalamu wengi huukadiria kuwa wa karibu mwaka 200 BK. Unaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani, na chini yake kijana ameinua mkono kumwabudu. Maandishi yake yanamdhihaki Aleksamenos na mungu wake. Ni mojawapo ya michoro ya zamani kabisa ya kusulubiwa tuliyo nayo, na imechorwa na mtu aliyekuwa akicheka.

Yule mchoraji alielewa kitu ambacho wenye mabango ya miujiza wamekisahau. Msalaba haumshindi mtu kwa hoja wala haumpumbazi kwa maajabu. Kama hapo pana nguvu, ni nguvu ya aina nyingine kabisa: ya yule anayebeba gharama mwenyewe badala ya kumbebesha mwingine. Kutokana na hilo napata kipimo ambacho hata asiyesoma teolojia anaweza kukitumia. Mahali popote panapotajwa nguvu za Mungu, tazama ni nani anayelipa. Moshi walilipa wenye wagonjwa. Shakahola walilipa watoto. Nyumbani kwetu alilipa mama mdogo, kwa mkono wake wa kulia. Penye msalaba analipa mwenye nguvu, na mnyonge anainuliwa. Muuza vitumbua alilipa kwa alasiri zake.

Mwenzangu wa darasani aliposikia haya alinipinga vizuri. Alisema hicho kipimo chenyewe ni hoja, kwa hiyo nimerudi kwenye hekima ya wanadamu kwa mlango wa nyuma. Akaongeza kwamba mtu wa dini yoyote anaweza kulipa kwa ajili ya jirani, na wengi hulipa, wakiwemo wasioamini lolote. Yote mawili ni kweli. Kwa la kwanza, Paulo mwenyewe ni shahidi: waraka anaokanusha ufasaha ndani yake ni mfasaha ajabu, na akifika kwenye ufufuo wa wafu anajenga hoja hatua kwa hatua kama wakili. Akili hakuitupa, aliiondoa tu kwenye kiti cha mfalme. Hoja yaweza kufagia nyumba, ikafukuza nyoka, ikamtaja tapeli kwa jina lake. Kuizuia kazi hiyo ni kuwakaribisha kina Shakahola wengine. Ila ufagio si msingi. Kwa la pili sina jibu la kumnyamazisha, na sioni kwamba nalihitaji. Sijasema kipimo hiki kinathibitisha Ukristo. Nimesema kinawahukumu Wakristo.

Pengine hiyo ndiyo faida kubwa ya kuiweka imani mahali Paulo alipoiweka. Mtu ambaye imani yake haitegemei kushinda mjadala anaweza kukubali kwamba Kant ana hoja nzito, akaendelea kumsoma bila hofu. Anaweza kukaa mhadharani akamsikiliza Muislamu ili amwelewe. Anaweza kumeza vidonge vya presha asubuhi na kusali jioni asione ugomvi. Aliye na haja ya kushinda kila siku, iwe kwa maneno au kwa maajabu, kwa kweli ana hofu, na hofu huwahi kutafuta mtu wa kuikabidhi.

Katika waraka wake wa pili kwa watu walewale wa Korintho, Paulo anasimulia kwamba alikuwa na mwiba mwilini, ambao hakuutaja ni nini. Anasema aliomba mara tatu uondolewe na haukuondolewa, na jibu alilopewa ni kwamba katika udhaifu ndimo nguvu inamokamilika. Huyu ndiye aliyetuandikia habari za nguvu za Mungu: mgonjwa aliyeomba asipone, akaendelea kushona mahema. Katika ibada nyingi za siku hizi asingeitwa mbele kushuhudia. Angeketi nyuma kabisa, karibu na mama mdogo na mkono wake uliolegea, na nadhani angejisikia yuko kanisani.