Kumbukumbu na Chombo Chake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa na watu waliojua kwamba mali isiyoandikwa haina shahidi. Lakini waliitunga katika siku ambazo daftari lilikuwa karatasi, na msomaji hakuhitaji ila macho na mwanga. Katika siku zetu daftari limekuwa kitu kisichosomeka kwa macho. Limo ndani ya chuma, na chuma hicho hakisemi ila kwa chuma mwenziwe. Basi swali linazaliwa: chuma kinachosoma kikifa, ilhali chuma kilichoandikwa kingali na maneno yake, je, tuna wajibu wa kukifufua? Au yaliyopita yaachwe yapite?

Swali hili sikulikuta kitabuni. Lilinijia nyumbani Mghange, katika milima ya Taita, mahali ambapo asubuhi ya ukungu mtu hamwoni jirani yake mpaka amsikie akikohoa. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko bondeni. Alipofuata haki yake ya uzeeni aliambiwa kwamba majina ya wafanyakazi wa miaka ile yamo katika diski ya mashine ya zamani, na mashine hiyo haiwaki tena. Alinijia mimi kwa kuwa ni mwalimu. Akaniambia, "Mwalimu, mimi ni mzima, lakini jina langu limekufa ndani ya chuma. Wewe uliyesoma, huwezi kulitoa?" Sikuweza. Baadaye mashine ile iliuzwa kwa kilo pamoja na mabati mabovu, na mzee akafa madai yake hayajakamilika. Tangu siku hiyo nimejitahidi kujua kama jambo aliloniomba lilikuwa muhali, au lilikuwa gumu tu.

Nimeona kwamba lilikuwa gumu tu. Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wa kabati, na herufi zake zilikuwa kiasi cha milioni 5. Baadaye zikaja minikompyuta, mashine zilizoitwa ndogo kwa sababu hazikujaza chumba kizima. Kampuni ya Digital Equipment Corporation ilitoa PDP-8 mwaka 1965 na PDP-11 mwaka 1970. Diski moja iliyotumiwa na mashine hizo, RK05, ilikuwa na sahani ya upana wa inchi 14, iliyozunguka mara 1,500 kwa dakika na kuhifadhi herufi kiasi cha milioni 2 na nusu. Leo picha moja ya simu yaweza kuijaza na kubaki.

Wapo watu, katika majumba ya makumbusho na hata majumbani mwao, wanaozifufua diski hizo. Kazi yao inafundisha adabu. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Huelea juu yake kwa mto wa hewa ulio mwembamba kuliko unywele. Chembe ya vumbi yatosha kukiangusha, na kikianguka huparuza sahani na kufuta maneno yaliyoandikwa. Kwa hiyo fundi mwema hawashi mashine kwa pupa. Hutoa kwanza sponji lililooza kwa umri, maana likivunjika huwa ndilo vumbi lenyewe. Husafisha chujio la hewa, hupima umeme kabla ya kuuingiza katika vipande vilivyolala miaka mingi, na huangalia kama kichwa kinasimama pale pale kilipokuwa kikisimama siku ya kuandika. Kikipotoka kidogo tu, maneno yatakuwapo wala hayatasomeka. Zaidi ya yote, hujaribu kwa sahani isiyo na kitu. Sahani yenye maneno yasiyo na nakala huiweka mwisho. Subira ya namna hii ingemfaa daktari, hakimu na mwalimu.

Lakini watu watasema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa nini kutaabikia kikongwe cha chuma, ilhali mpya zipo na watoto wanakaa katika madarasa yanayovuja? Neno hili si la kudharauliwa. Fedha ya paa ikitumiwa kufufua mashine kwa ajili ya fahari, hiyo ni dhuluma juu ya watoto. Mimi siitetei fahari. Lakini anayepima thamani ya diski kwa bei ya chuma amepima mtungi akasahau maji. Katika diski ile mlikuwa na jasho la mtu la miaka mingi, na hakuna mashine mpya, hata iwe ya ajabu namna gani, inayoweza kujua jasho hilo bila kuambiwa na ile ya zamani.

Wengine husema kwamba kusahau ni rehema. Ni kweli. Jamii isiyosahau lolote haisamehe. Lakini kusahau kwa rehema hufanywa na mwenye kujua: amekiona kisa, amekipima, akakiacha. Kisa kilichopotea kwa sababu waya umeoza hakikusamehewa na mtu. Aliyedhulumiwa hupoteza ushahidi wake, na aliyedhulumu hupata usalama asioustahili. Kusahau kwa namna hii huwafaa wenye nguvu na huwaumiza wanyonge.

Hata mataifa tajiri hayakuokoka. Waingereza waliandika hesabu ya ardhi yao juu ya ngozi mwaka 1086, na kitabu hicho kingali kinasomeka. Mwaka 1986 shirika la BBC likaadhimisha miaka 900 yake kwa kukusanya habari mpya za nchi katika diski za mwanga. Haikupita miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa adimu, na wataalamu wakalazimika kuhangaika kuziokoa. Ngozi ya mnyama iliishinda diski kwa umri, si kwa kuwa ilikuwa bora, bali kwa kuwa haikuhitaji mkalimani.

Nasi Wataita tuna mfano wetu. Wazee wa zamani waliyafukua mafuvu ya wahenga wao baada ya muda wa kaburini, wakayapanga katika mapango ya ukoo, na huko walikwenda kuomba wakati wa shida. Desturi hiyo imekoma, na mafuvu yangalipo katika baadhi ya mapango. Lakini fuvu halitaji jina lake. Jina lilikuwa katika kinywa cha mzee aliyempeleka kijana pangoni na kumwambia, "Huyu ni fulani." Siku mzee huyo alipokufa bila kumpeleka kijana, fuvu lilibaki na jina likaondoka. Pango ni diski, na mzee ndiye mashine. Mwenye kutunza kimoja na kuacha kingine hajatunza kitu.

Kutokana na hayo nimepata jibu langu. Wajibu wetu si kwa chuma. Chuma hakina haki juu yetu, na kikiisha kutoa maneno yake chaweza kupumzika. Siku hizi mafundi hutengeneza hata kadi ndogo inayojifanya diski ya zamani, na mashine kongwe huitii bila kujua tofauti. Sioni uongo ndani yake, maadamu maneno ni yale yale. Wajibu wetu ni kwa watu ambao majina yao yamo ndani, nao hauishi kwa sababu kazi ni ngumu. Huisha tu pale tulipojaribu kwa uaminifu tukashindwa. Mzee wa Mghange hakushindwa na ugumu wa diski. Alishindwa kwa kuwa hakuna aliyejaribu.

Nawe kijana msomaji, huenda kesho ukakabidhiwa ofisi na funguo zake. Utakapoagiza mashine mpya, uliza kwanza ya zamani imebeba majina ya nani. Yatoe yangali yanatoka, yaandike mahali pawili, na karatasi iwe pamoja nayo. Ndipo uiite gari la vyuma vikuukuu.