Aliyenusurika Anadaiwa Nini?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu sekondari tumeandikishwa insha juu ya methali hii, na mimi nilizoea kupata alama nzuri kwa kumlaumu mgonjwa: alificha, akachelewa, akafa, shauri yake. Katika insha hii nataka kuirudia methali hiyo kwa swali jingine. Mtu aliyeugua saratani akapona, je, ana deni la kusema? Na sisi tunaomsikiliza, tunadaiwa nini?

Mfano wangu ni dada yake baba, mkulima wa kahawa upande wa Masaka nchini Uganda. Kwetu Buganda shangazi huitwa ssenga, naye ndiye humfunda binti wa kaka yake mambo ya mwili na ya ndoa, kama afanyavyo kungwi au somo kwa watu wa pwani. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake kwa Kiswahili alicheka, akaniuliza kama siku hizi wanajeshi nao wanasoma habari za kizazi. (Wazee wengi wa kwetu bado wanakihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kambini.) Kisha akakubali, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Mwaka 2014 alimsindikiza mkamwana wake kupeleka mtoto chanjo. Siku hiyo wauguzi walikuwa wakipima saratani ya shingo ya kizazi, ambayo huwapata wanawake wa Uganda kuliko saratani nyingine zote. Kipimo chenyewe ni rahisi: shingo ya kizazi hupakwa asidi hafifu, ile ile iliyomo kwenye siki, na penye chembe zilizoharibika hugeuka peupe. Kwake palionekana doa. Vipimo vya baadaye vilionyesha saratani ikiwa bado changa, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi. Mavuno yote ya kahawa ya msimu ule yaliishia huko.

Alipopata nguvu alianza kusema. Alisema kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, baada ya misa, hata matangani wakati wa kumenya ndizi. Maneno yake yalikuwa mafupi: "Mimi niliwahi, ndiyo maana mnaniona." Mwaka 2015 chanjo ya kuzuia virusi vya ugonjwa huu ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10, pakazuka uvumi kwamba inafunga kizazi. Ssenga aliwajibu wazazi kwamba kizazi chake yeye kimeshatupwa, na si kwa sababu ya chanjo. Mdogo wangu alichanjwa wiki ile.

Pingamizi la kwanza lilitoka kwa mawifi zake. Walimwambia, "Unatuvua nguo." Tusilidharau pingamizi hili. Virusi vinavyoleta saratani hii huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo mwanamke anapotaja ugonjwa wake hadharani, wasikilizaji humgeukia mumewe, au humgeukia yeye mwenyewe, kutafuta nani alitoka nje ya ndoa. Ukweli ni kwamba watu wengi huvipata virusi hivyo wakati fulani wa maisha yao, na huweza kupita miaka kumi na zaidi kabla saratani haijatokea. Hakuna anayeweza kusoma uaminifu wa mtu kwenye shingo ya kizazi. Lakini watu husoma tu. Habari ya mwili wa mtu, basi, haiwi yake peke yake. Ina mume ndani yake, ina mabinti wanaotaka kuolewa. Ssenga alimwuliza mumewe kabla ya kusema. Mzee alikaa kimya siku mbili, kisha akasema: "Sema, ila usiseme nikiwepo." Kwa maoni yangu hiyo ilitosha. Heshima ya mume ina uzito, lakini haiwezi kulipiwa kwa uhai wa majirani.

Pingamizi la pili ndilo lililonifanya niandike, na hili halikutoka kwa mtu.

Mwanzoni mwa 2016 Ssenga alimshawishi jirani yake, mama wa watoto wanne, ambaye alikuwa akitokwa na damu nje ya siku zake. Yule mama aliogopa. Ssenga alikwenda kwake mara tatu, na mara ya tatu akamlipia bodaboda. Alipopimwa, ugonjwa ulikuwa umeshavuka hatua ya upasuaji. Alihitaji tiba ya mionzi. Mwaka huo huo mashine ya mionzi iliyokuwa Mulago, Kampala, iliharibika isitengenezeke. Ilikuwa ya miaka ya 1990, na ndiyo iliyokuwa pekee nchi nzima. Ukatangazwa mpango wa kupeleka baadhi ya wagonjwa Nairobi, jirani hakuwamo. Nchi ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila mashine, na yeye hakuufikia mwisho wa mwaka ule.

Matangani watu walikuwa na neno moja: alichelewa. Walilisema kwa huruma, lakini walilisema. Wengine waliongeza kwamba Ssenga alimwambia wazi, akawa mzito wa kusikia. Yaani ushuhuda wa shangazi yangu ulikuwa umegeuka kuwa ushahidi dhidi ya marehemu. Kwa karibu mwaka mzima Ssenga hakufungua tena kinywa. Aliniambia: "Niliwaambia wanawake mlango uko wazi. Sikwenda kuutazama mlango wenyewe."

Je, ni haki kumwamsha mtu aione hatari ambayo hutaweza kumwondolea? Wapo wanaosema heri asijue. Sikubaliani nao. Yule mama alipata miezi ya kupanga watoto wake wakae na dada yake, na alijua jina la kitu kinachomuua. Aliyefichwa hana hata hayo. Kosa liko mahali pengine, katika ile sentensi ya "niliwahi, ndiyo maana mnaniona." Si uongo, maana kuwahi huongeza sana nafasi ya kupona. Lakini imebana ukweli. Ssenga alipimwa kwa sababu wauguzi walikuwapo siku ya chanjo, na kahawa ilikuwa imezaa. Waliowahi wakafa hawaji kwenye kikundi kutoa ushuhuda, kwa hiyo masikioni mwetu kuwahi na kupona vimekuwa neno moja, na kufa kumekuwa uzembe.

Hapo ndipo methali yetu inaponikera. Inamwona anayeficha, haimwoni anayefichiwa dawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, asilimia 90 ya waliopatikana na ugonjwa watibiwe. Mwanamke anaweza kushawishiwa aje kupimwa. Chanjo na matibabu hayapatikani kwa kushawishiwa, ila mabango yote niliyowahi kuyaona yanamsemesha yeye tu.

Turudi kwenye deni. Kiswahili kinamwita mtu kama Ssenga manusura, na neno hilo linatokana na kunusuru, yaani kuokoa. Manusura hakushinda vita, aliokolewa. Aliyeokolewa huwa na shukrani, na shukrani inaweza kumsukuma kusema. Hata hivyo Kant alitofautisha wajibu kamili na ule usio kamili, na kuwasaidia wengine akakuweka katika huu wa pili: lazima usaidie, lakini namna na wakati ni juu yako. Hakuna mwenye haki ya kusimama mbele ya manusura na kumdai habari za mwili wake. Tena akishazitoa, hesabu hugeuka, na sisi tuliosikia ndio tunaodaiwa.

Ssenga alirudi kusema mwaka 2018, lakini si kama mwanzo. Hasemi tena kwamba aliwahi. Anasema alikutwa na wauguzi. Tena hawaiti wanawake kabla hajakwenda mwenyewe kituo cha afya kuuliza kama vifaa vipo, nani atapima, na atakayekutwa na doa atapelekwa wapi, kwa nauli ya nani. Safari moja nilifuatana naye. Alikuwa amehakikishiwa wiki iliyotangulia. Tulipofika na wanawake kumi na mmoja tukaambiwa gesi ya kugandishia madoa imekwisha, turudi siku nyingine. Wawili walianza kufunga vitenge vyao waondoke. Ssenga akawaambia wakae. Akaketi nao kwenye benchi, mbele ya mlango wa mganga mkuu, akatoa karanga kwenye mkoba, tukala kumngoja atoke.