Shika Kinubi, Mwalimu Yumo Daftarini

Usiseme huna mwalimu. Anayetaka leo kupiga kinubi cha kale cha Ireland, kile cha nyuzi za shaba kinachopigwa kwa kucha, hana mzee wa kumwendea. Denis Hempson, aliyekuwa akikipiga kwa namna hiyo, alifariki mwaka 1807, na enzi zake hapakuwa na mashine ya kunasa sauti. Hata hivyo wapo watu wanaokipiga. Walianzaje? Kwa kusoma, na kwa ukaidi.

Julai 1792 wapenda muziki wa Belfast waliogopa kwamba sanaa hii itazikwa pamoja na wazee wake. Wakaita wapigaji; wakaja kumi wa Ireland na mmoja wa Wales. Kazi ya kuandika nyimbo ilikabidhiwa mikononi mwa Edward Bunting, mpiga ogani wa miaka 19 tu! Mbele yake akaketi Hempson, mzee wa miaka tisini na kitu, aliyepofushwa na ndui utotoni na kufundishwa kinubi na mwanamke, Bridget O'Cahan. Mzee hakutoa nyimbo za zamani kirahisi; ilibidi abembelezwe.

Bunting alichapisha kitabu mwaka 1796, lakini nyimbo alizipanga upya kwa ajili ya piano. Kizuri kwa sebule za wakati ule, wewe kitakupoteza. Nenda kwenye madaftari yake ya mkono, yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast. Mwandiko wa haraka, mistari iliyokatwa, noti zilizorukwa: humo ndimo utakapomsikia mzee.

Sasa kaa chini. Egemeza kinubi bega la kushoto. Mkono wa kushoto ushike nyuzi nyembamba, wa kulia nyuzi nene. Kama umefunzwa kinubi cha okestra, mikono yako itagoma, maana kule ni kinyume. Iache igome, endelea.

Kisha utakutana na kazi yenyewe. Shaba hulia muda mrefu. Noti ya kwanza bado inavuma unapogusa ya tatu, na wimbo unageuka kelele. Kwa hiyo kila uzi unaoupiga, amua pia nani atauzima, kidole kipi, lini. Nusu ya ufundi iko hapo, na wanaoanza wengi hukata tamaa hapohapo. Wewe usikate. Chukua noti tano, zirudie wiki nzima, usimwonee haya jirani anayeuliza wimbo utaisha lini.

Kinubi ghali? Azima, kodi, changa na mwenzako. Kile cha Chuo cha Trinity, Dublin, cha zama za kati, kimekuwa kielelezo kwa mafundi wengi wa leo, hivyo mfano wake si ndoto.

Kucha huchukua wiki kadhaa kukua. Acha kuzikata leo.