Thamani ya Sarafu za Migodi

Watu hukusanya vitu vya kale kwa sababu nyingi: mmoja hupenda uzuri, wa pili uhaba, wa tatu faida. Miongoni mwa vitu hivyo zimo sarafu zilizotolewa na kampuni za migodi badala ya fedha za serikali. Je, thamani yake ni ile ya leo katika sanduku la kioo, au ile ya jana katika kiganja cha mchimbaji?

Tutazame aina mbili. Ya kwanza ilipigwa mwaka 1787 na kampuni ya Parys, iliyochimba shaba katika kisiwa cha Anglesey, Welisi. Sarafu ndogo za serikali zilikuwa haba, kampuni ikapiga zake. Juu yake iliandikwa ahadi ya kumlipa kila aliye nayo, na ukingoni mahali pa kulipwa: London, Liverpool au Anglesey.

Aina ya pili ilitumika katika migodi ya makaa ya mawe ya West Virginia na Kentucky, Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hata katikati ya karne ya 20. Mchimbaji aliyeishiwa kabla ya siku ya malipo alipewa sarafu hizi kwa hesabu ya ujira wake, akanunulia vitu katika duka la kampuni. Mfanyabiashara wa nje, alipokubali kuzipokea, aghalabu alizipunguzia thamani.

Watetezi husema kuwa mabonde yale yalikuwa mbali na miji, na fedha taslimu zilikuwa adimu. Hoja hii ina haki yake, kwani tumbo halingoji siku ya malipo. Lakini ujira ni uhuru wa kuchagua: kununua hapa au pale, kuweka akiba, au kuhama. Ujira ambao hauna budi kurudi kwa mlipaji haujamfikia mlipwaji. Uingereza ilikwisha tambua hivyo mwaka 1831, ilipotunga sheria ya kuwataka waajiri katika kazi nyingi walipe kwa fedha halali.

Basi kuzikusanya ni kosa? La. Kosa ni kuisifu shaba na kumsahau mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la sarafu hizi halitimii kwa uzito na chapa peke yake. Liseme pia nani alizipokea, kwa kazi gani, na ni mlango upi tu uliozikubali. Mkusanyaji asiyeandika hayo, kama yule mfanyabiashara wa nje, amezipokea kwa chini ya thamani yake.