Wanaotengeneza Wanakula Nini?

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni Dell OptiPlex 780, zile za ex-UK ambazo huuzwa Moi Avenue zikiwa bado na vibandiko vya ofisi zilikotoka. (Shuleni tulilazimishwa kuiita tarakilishi. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiita hivyo na sitaanza leo.) Ni ya Mama. Yeye ndiye mweka hazina wa chama chao cha akina mama 14 hapa Umoja, na hesabu zote za chama zimo humo. Mimi niliitumia kwa kazi za chuo, baadaye kwa sinema, halafu mwaka jana nikaamua kuikomboa.

Hilo ndilo neno nililotumia. Kuikomboa.

Windows iliyokuwa ndani ilikuwa ya wizi. Fundi mmoja mjini aliiweka kwa shilingi 500, akamwonya Mama asiruhusu masasisho hata siku moja, maana yakiingia tu, mambo yataharibika. Kinga dhidi ya virusi ilizimwa pia, kwa sababu ingeikamata ile programu ya kudanganyia leseni. Mashine ilikuwa kama nyumba ambayo fundi wa kufuli amekuomba uache mlango wazi ndiyo kufuli yake ifanye kazi.

Sasa, lazima umjue Mama. Akirudishiwa chenji ya ziada ndani ya matatu, atamwita makanga hadi aje kuichukua, hata kama gari limejaa na watu wanasonya. Kwa hivyo nilipomwambia hesabu za chama zinakaa juu ya mali ya wizi, nilijua vizuri ninapobonyeza.

"Wizi aje? Si nililipa? Nilimpa fundi mia tano mkononi."

"Ulimlipa fundi, Mama. Wenye mali hawakuona hata ndururu."

Nikamweleza kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za fasihi, pamoja na riwaya na mashairi. Sijui kwa nini nilidhani hilo lingemgusa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Toa hiyo kitu kwa nyumba yangu."

Hivyo ndivyo nilivyopata ruhusa. Nimerudi kwenye sentensi hiyo mara nyingi tangu siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Bando la usiku, faili la karibu GB 3, flashi ya kuazima, na kidole kwenye F12 mashine inapowaka. Linux Mint hukuruhusu kuijaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa chochote, kama mtu anayeonja mboga kwa kijiko. Niliionja dakika kumi. Kisha nikafika pale inapokuuliza kama unataka kufuta diski nzima. Nilikuwa nimenakili mafaili ya Mama kwingine, mara mbili, lakini mkono uliganda. Nikabonyeza. Nusu saa baadaye mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai ili iwake, ikawaka kabla sufuria haijapata moto. Nikaanza kuwahubiria marafiki.

Mahubiri yenyewe yalikuwa haya. Waingereza wana neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye na pingu, kwa hivyo watetezi wa programu hizi wamekuwa wakieleza tofauti hiyo tangu miaka ya themanini. Sisi tuna bure na tuna huru, hatuhitaji semina. Programu huria ina uhuru wa namna nne: kuiendesha kwa shughuli yoyote, kuichunguza ndani na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia hata ile uliyoibadilisha. Kwamba haina bei ni matokeo tu.

Lakini lugha ina akili zake. Sikiliza neno bure linavyotumika mtaani: kazi bure, amepoteza siku bure, yule ni bure kabisa. Kitu cha bure tunakishuku kabla hatujakigusa. Ukinunua soda ukaambiwa ya pili ni ya bure, unatafuta tarehe ya mwisho kwenye kizibo. Nilidhani shaka hiyo ni ujinga ambao ningeutibu kwa maelezo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi chama kilikutana sebuleni kwetu. Faili la hesabu lilikuwa limetengenezwa na kijana wa mmoja wao kabla hajaenda Qatar. Lilikuwa na vitufe: bonyeza hapa upate michango, bonyeza hapa upate riba. Alilifunga kwa nywila, na nywila ikaenda Qatar naye. Mama alifungua faili mbele ya wenzake, akabonyeza kitufe cha kwanza. Kimya. Akabonyeza tena. Vile vitufe viliandikwa kwa ajili ya programu nyingine, na mimi, mkombozi, sikuwa nimejaribu hata kimoja.

"Kwani pesa imeingia kwa mashine ikapotelea huko?" mmoja aliuliza, na wengine wakacheka.

Kama mamako yuko kwenye chama, unakijua kicheko hicho. Kina meno. Mama alifungua kaunta buku lake, ambalo kwa bahati hakuwahi kuliacha, akasoma michango jina kwa jina hadi mwisho, sauti imenyooka. Ya riba akasema itakuja mkutano ujao. Miaka tisa ya kushika pesa za watu, na siku hiyo alionekana kama mtu anayejitetea.

Hakunigombeza. Alikuwa anaosha vikombe aliponiuliza, "Ulipotaka kuondoa ile ingine, uliniuliza mimi hutumia nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilimwaibisha, nikachukua ile aibu kama ndiyo ruhusa, kisha nikampa uhuru ambao hakuuomba. Nchi hii imeuona mwingi wa aina hiyo. Kisima kinachimbwa kijijini na wafadhili, pampu ni ya kisasa, hotuba zinasomwa, na kipuri kikivunjika kumbe kiko Ulaya. Akina mama wanarudi mtoni, na kwenye ripoti wao ndio wanaonekana hawapendi maendeleo. Mimi pia nilikuwa nimeshaanza kuwaza hivyo kuhusu Mama. Kwamba ni umri. Kwamba amezoea.

Wakati huohuo printa ilikuwa imekataa katakata kuongea na mfumo mpya, na mpaka leo imekataa. Hili linanichekesha kwa uchungu, kwa sababu kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mwanzo wa harakati hizi ni cha printa. Richard Stallman alikuwa akifanya kazi MIT, printa ya maabara yao ikawa inakwama kwama, akataka kuirekebishia programu yake, akanyimwa maandishi ya ndani ya programu hiyo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini kilichokuja kuitwa Linux. Zaidi ya miaka 30 baadaye niko Umoja, nimekaa chini ya meza, namwambia Mama kwamba printa ndiyo mbaya, siyo mfumo.

"Na hao wanaotengeneza," akaniuliza jioni hiyo, "wanakula nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na marafiki zangu wa kompyuta. Nikamwambia ukweli: wengi wanaoandika kile kiini wameajiriwa na kampuni kubwa ambazo nazo zinakihitaji. Wengine hujitolea usiku baada ya kazi. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa pesa za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian, ya 1993, ambayo ni ya watu wa kujitolea. Mint yenyewe huishi kwa michango na wadhamini. Kila mmoja amechukua kwa mwenzake, akaongeza chake, akapitisha mbele.

"Kumbe ni chama," Mama akasema.

"Ni kama chama, ndiyo."

"Na wewe umetoa nini?"

Jamani. Sikuwa nimetoa shilingi, wala saa moja. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa wakaitafsiri OpenOffice nzima kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Mimi, ninayeandika Kiswahili na kupenda kusifiwa kwa hilo, nilipoulizwa lugha siku ya kuweka mfumo, nilichagua Kiingereza bila hata kuwaza. Kwenye chama cha Mama mtu anayekula bila kuweka ana jina lake, na si jina la kuandika hapa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri yangu ya kwanza. Uhuru wa kuchungulia ndani ya programu, Mama hawezi kuutumia. Mimi pia siwezi, tuseme kweli. Nimefungua ile misimbo mara moja nikaifunga haraka kama mtu aliyeingia choo kisicho chake. Kuna wanaosema basi uhuru huo ni wa wajuzi tu, kwetu ni hewa. Sidhani. Siwezi kusoma hukumu ya mahakama nikaielewa yote, lakini kuna tofauti kubwa kati ya mahakama yenye milango wazi na ya siri. Mlango ukiwa wazi, akiingia hata mmoja anayeelewa, anaingia kwa niaba yangu. Ila huyo mmoja lazima awe karibu nawe. Asiwe Qatar.

Kwa hivyo nikaanza kulipa deni kwa njia niliyoiweza. Usiku tatu mfululizo nilikaa na Mama tukatengeneza faili jipya, bila vitufe, bila nywila, kila fomula ikionekana ukiigusa. Yeye alinisomea katiba ya chama, iliyopigwa chapa kwenye karatasi mbili zilizochakaa mikunjo. Faini ya kuchelewa, shilingi 50. Mkopo, riba ya asilimia 5 kwa mwezi ya salio. Nikaandika hivyo hivyo. Kisha tukalinganisha majibu ya faili jipya na karatasi za zamani, zile printa ilizotoa enzi ikiwa bado inaongea nasi.

Michango ililingana. Faini zililingana. Riba haikulingana hata kwa mtu mmoja.

Nilidhani nimekosea. Mama akachukua kalamu. Mtu amekopa shilingi 20,000, analipa 5,000 kila mwezi kwa miezi minne. Riba ya salio: 1,000, kisha 750, kisha 500, kisha 250. Jumla 2,500. Faili la zamani lilikuwa likihesabu asilimia 5 ya ule mkopo wa kwanza kila mwezi, hata baada ya sehemu yake kulipwa. Jumla 4,000. Kwa kila mkopo wa namna hiyo, mtu alilipa shilingi 1,500 ambazo hakuna aliyezikubali, miaka yote hiyo, kwa sababu ziliamuliwa nyuma ya kitufe.

Hakuna aliyeiba. Riba yote hugawiwa wanachama Desemba, na Desemba zote pesa zilitimia. Yule kijana huenda alidhani riba huhesabiwa hivyo kila mahali. Lakini waliokopa waliwalipa wasiokopa, na ukiangalia ni akina nani hukopa kwenye chama chetu, ni wale wanaouza mboga kando ya barabara na wenye watoto shule ya bweni. Mama hajawahi kukopa. Kila Desemba amekuwa akipokea mgao wake, akiuhesabu, na akirudisha kwa mwenyewe noti ikizidi.

Nami nikasema nini? Mimi wa milango wazi? Nilisema, "Mama, wacha tu. Tuanze na faili jipya mwaka ujao, riba itashuka, hakuna atakayeuliza."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Akarudi kwenye kaunta buku, akaanza kuandika majina ya waliokopa, kuanzia mwaka wa kwanza, na mbele ya kila jina akaacha nafasi. Ilipofika saa tano usiku nilimwambia hao wenye mgao mkubwa watakasirika, na kuna atakayesema yeye ndiye alijua. "Watasema," akajibu, bila kuinua kichwa.

Asubuhi alitaka kila mwanachama apate karatasi yake: fomula ya zamani upande huu, ya katiba upande ule, na hesabu ya mkopo mmoja kama mfano. Printa yetu, wajua. Nikanakili kwenye flashi ili niende saiba ya pale kona.

Karatasi 14, shilingi kumi kila moja. Mama alinipa noti ya mia mbili, akasema nisisahau kumrudishia sitini yake.