Usawa wa Darasani, Mpakani
Uganda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, mwanzoni kwa watoto wanne wa kila familia. Kenya ikafuata 2003. Kisheria, basi, mtoto wa mwendesha bodaboda wa Busia, mji wa mpakani kati ya nchi hizo mbili, na wa afisa wa forodha wanaanza sawa. Lakini sare na daftari hununuliwa, na siku ya gulio, yule wa kwanza hubaki nyumbani kulea mdogo wake, ilhali mwenzake yuko shule ya bweni mjini Tororo. Mwanafalsafa John Rawls alidai mwaka 1971 kwamba hakuna anayestahili nafasi aliyozaliwa nayo. Hoja nzito. Ila mzazi anayemsomea mwanawe kitabu usiku hadhulumu mtu, na pengo hupanuka hapohapo, sebuleni, ambako serikali haiingii.